Mlango Ulioitwa Ovi

Katika kurasa hizi tumezoea kupima vitabu, na pengine nyimbo au mchezo wa kuigiza. Mara hii twapenda kupima duka. Halikuwa duka la vitenge wala la chumvi. Lilikuwa duka la programu za simu, lililofunguliwa na kampuni ya Nokia ya nchi ya Finland mwezi wa Mei 2009, nalo likaitwa Ovi. Neno hilo ni la Kifini, maana yake mlango.

Msomaji ataweza kuuliza: duka lililokwisha kufa zamani lina haja gani ya kupimwa? Haja ipo. Watu wengi sana wa nchi zetu, tangu Mombasa hata Kolwezi, waliionja intaneti mara ya kwanza kwa simu ya kampuni hiyo, wala hawakuwa na kompyuta nyumbani. Tena maduka tunayoyatumia leo yamejengwa kwa ramani ile ile, na vijana wetu wameweka humo mambo mengi kuliko kaka zao walivyopata kuweka katika Ovi. Mwenye kutaka kujua nyumba mpya itabomoka vipi, heri atazame kwanza ile iliyobomoka.

Hebu tueleze jambo lenyewe, kwa ajili ya wazee ambao simu kwao ni ya kusemea tu. Zamani simu ilikaa kama ilivyotoka kiwandani. Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003, ilikuwa na tochi, na vibonye vyake vilifunikwa ili vumbi lisiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, wala hakuna aliyeiongezea kitu. Alichonunua mtu ndicho alichokuwa nacho mpaka simu ilipoanguka kisimani. Baadaye zikaja simu zilizoweza kupokea programu mpya: kamusi, mchezo, ramani, kitabu cha sala, chombo cha kuandikia barua. Lakini programu hizo zitoke wapi? Huko Marekani kampuni ya Handango iliziuza tangu mwaka 1999. Katika Lithuania ilianzishwa GetJar mwaka 2004, na vijana waliojua Kiingereza kidogo walichota huko michezo bila kulipa. Kisha Apple ikafungua duka lake mwezi wa Julai 2008 likiwa na programu 500, na Google ikafuata mwezi wa Oktoba mwaka ule ule.

Nokia wakati ule ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Katika kila simu 10 zilizouzwa duniani, karibu 4 zilikuwa zake, na katika Afrika alama yake ilionekana katika kila soko. Kampuni iliyoanza mwaka 1865 kwa kusaga miti ya karatasi, ikapita katika viatu vya mpira, ilikuwa sasa imekaa mifukoni mwa watu wengi kuliko kampuni nyingine yoyote. Basi ilipotangaza kufungua mlango wake, wengi walidhani ya kwamba maduka mengine yatakuwa vibanda tu pembeni.

Siku ya kufungua, tarehe 26 Mei 2009, mlango ulikwama. Watu walikuja wengi kwa mara moja, mashine za Nokia zikalemewa, na waandishi wa habari wa Ulaya na Marekani wakacheka. Sisi hatutaki kucheka sana juu ya jambo hilo. Mlango mpya kukwama siku ya kwanza si aibu kubwa, na wapimaji walioishia hapo walipima bawaba, nyumba hawakuiona.

Tuseme kwanza yaliyokuwa mema, kwa kuwa leo ni desturi kulitaja duka hilo kama mzaha, na mzaha huo si wa haki. Maduka ya Apple na Google yalitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye simu ya bei kubwa na kadi ya benki. Ovi ilimkaribisha pia mtu mwenye simu ya vibonye. Simu ndogo za Nokia, zile zilizotumia programu za Java, ziliingia mlango ule ule zilikoingia simu kubwa za Symbian. Katika nchi ambako kampuni za simu zilikubali kushirikiana, mtu aliweza kulipa kwa salio lake, bila kadi ya benki. Hata kabla ya duka, mwishoni mwa mwaka 2008, Nokia ilikuwa imetoa Ovi Mail, ambapo mtu asiyepata kugusa kompyuta aliweza kujifungulia anwani ya barua kwa simu yake mwenyewe. Mwezi wa Januari 2010 ramani zake za kuongoza njia zilitolewa bure, wakati kampuni nyingine nyingi zilitoza fedha. Mtu aliyefikiri mambo haya alikuwa amefikiri juu ya watu kama sisi, hilo hatuna budi kulikiri. Simu kadhaa za kampuni hiyo zilizouzwa Afrika ya Mashariki ziliweza hata kuonyesha maneno kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili chenyewe pengine kilikuwa kigumu kuliko Kiingereza alichokimbia mtu.

Kwa watengenezaji pia mlango ulifunguliwa zaidi siku hata siku. Mwanzoni aliyetaka kuweka programu yake dukani alilipa euro 50 za kujiandikisha. Baadaye zikapunguzwa mpaka euro 1. Katika mapato, sehemu 70 kwa 100 zilikuwa za mtengenezaji, baada ya kampuni ya simu kuchukua chake.

Lakini duka halipimwi kwa nia ya mwenyewe. Lapimwa kwa mtu anayekuja na haja yake na kurudi nayo, au kurudi bila kitu.

Mtu wa kwetu aliyekwenda Ovi alikutana na vizuizi vitatu au vinne kabla ya kupata kitu. Simu za Nokia zilikuwa za namna nyingi mno, kila moja na kioo cha kipimo chake na vibonye vya mpango wake, hata programu iliyofanya kazi katika simu ya kaka ilikataa katika simu ya dada, ingawa zote mbili zilitoka kiwanda kimoja. Kisha kulikuwa na jambo la cheti. Programu ya Symbian ilitakiwa kuwa na sahihi ya kuthibitisha ya kwamba ni salama, na sahihi hiyo ilikuwa na muda wake. Muda ukiisha, simu ilikataa. Vijana wetu wakagundua dawa: kurudisha nyuma tarehe ya simu mwaka mmoja au miwili, kuingiza programu, kisha kurudisha tarehe ya kweli. Twakumbuka simu zilizoishi katika mwaka 2008 wakati wenyewe walikuwa wamefika 2011, kwa sababu mwenye simu alisahau kuirudisha. Nokia iliona taabu hiyo, ikaanza kutia sahihi bure kwa programu zilizopita dukani mwake. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kujifunza kuipita njia.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote kilikuwa intaneti yenyewe. Huku Musumba, kwenye makao ya Mwant Yav, tumetenganishwa na Kolwezi kwa safari ndefu ya njia mbaya, na simu ilipofika ilikuwa ya kusema na kutuma ujumbe mfupi. Hayo mengine yalikuja polepole. Hata Kolwezi kwenyewe, penye migodi na fedha, kuvuta programu ya megabaiti chache kwa intaneti ya siku zile kulikula salio la mtu hata kabla programu haijafika nusu. Ikikatika katikati, salio halirudi. Duka lilisema "bure", na bure ile ililipwa kwa kampuni ya simu.

Hivyo watu wakatumia mlango wa uani. Katika soko la kila mji wa shaba, Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, mtu alikuta kijana mwenye kompyuta moja chini ya mwavuli, nyaya nyingi, na kisanduku cha kadi ndogo za kumbukumbu. Ulimpa kadi yako na franka chache, akakujazia nyimbo, michezo, kamusi ya Kifaransa, na programu za kila namna. Ukirudi nyumbani, ulimgawia ndugu yako kwa Bluetooth, simu mbili zikiwekwa juu ya meza kama watu wanaonong'onezana. Hapakuhitajika salio wala anwani ya barua wala akaunti. Twasema wazi ya kwamba biashara hiyo ilikuwa na dhambi zake: watengenezaji hawakupata hata senti moja, na pamoja na michezo watu waligawiana magonjwa ya simu. Cabir, kirusi kilichojulikana tangu mwaka 2004, na CommWarrior iliyokuja mwaka 2005, vyote viliruka kwa Bluetooth kutoka simu hata simu. Hata hivyo yule kijana wa mwavuli alijua mambo mawili ambayo wenye Ovi hawakuyajua vizuri. Alijua ya kwamba mteja wake hana intaneti nyumbani. Tena alijua ya kwamba mteja anataka kitu akishike, kikae katika kadi yake, aweze kukitoa na kukitia katika simu nyingine ile ya kwanza ikifa.

Tutazame pia programu iliyobadili maisha ya watu wetu kuliko zote, tuone kama ilipita mlango huo. Hiyo ni M-Pesa. Ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008 na kwetu Kongo mwaka 2012. Haikununuliwa katika duka lolote la programu. Ilikaa ndani ya kadi ya simu yenyewe au katika namba fupi ya kubonyeza, na ilifanya kazi katika simu ya bei ndogo kabisa. Mlango wake alikuwa mtu, yaani wakala aliyeketi katika kibanda, anayeweza kuulizwa, kusutwa na kuelezwa kwa lugha ya nyumbani. Wanafunzi wanaojifunza kutengeneza programu wangefaa kufikiri juu ya jambo hilo kabla ya kushangilia hesabu za maduka makubwa.

Hata hivyo walikuwako Waafrika walioamini mlango wa Nokia, nao hawakuwa wajinga. Mji wa Nairobi ulikuwa kiini chao. Mwezi wa Machi 2010 ilifunguliwa iHub, mahali pa kukutania wenye ufundi wa kompyuta, katika jengo la Bishop Magua, njia ya Ngong. Mwaka 2011 ikafuata m:lab East Africa, iliyosaidiwa na serikali ya Finland, na Benki ya Dunia kwa njia ya infoDev, na Nokia yenyewe. Mwaka 2010 kampuni ya Virtual City ya Nairobi, iliyoongozwa na John Waibochi, ilishinda shindano la Nokia na kupewa dola milioni 1. Kazi yake ilikuwa ya maana sana: programu za simu za kusaidia biashara ya bidhaa na kupima mazao ya wakulima wadogo, ili mkulima ajue kilo zake bila kutegemea karatasi ya karani. Twaitaja kwa furaha. Inaonyesha ya kwamba fedha za Nokia hazikutupwa zote ovyo, tena kwamba katika Afrika yenyewe palikuwa na watu wa kujaza duka vitu vya haja, mbali na picha za magari na milio ya kuchekesha.

Sasa tufike mahali penye uchungu. Mwezi wa Septemba 2010 Nokia ilipata mkuu mpya, Stephen Elop, aliyetoka Microsoft. Mwanzoni mwa Februari 2011 aliwaandikia wafanyakazi barua iliyojulikana dunia nzima, akiifananisha kampuni na mtu aliyesimama juu ya jukwaa la mafuta linalowaka moto katikati ya bahari. Siku chache baadaye, tarehe 11 Februari, akatangaza ya kwamba Nokia itaacha Symbian na kufuata Windows Phone ya Microsoft. Mwezi wa Mei mwaka huo ikatangazwa ya kwamba jina la Ovi lenyewe litaondolewa, na baadaye duka likaitwa Nokia Store.

Tumefikiri sana juu ya tangazo lile. Kwamba Symbian ilikuwa imechoka, hilo wajuzi wengi walilisema, wala hatutabishana nao. Lakini tazama namna lilivyosemwa. Katika tangazo lile lile la kuiacha Symbian, kampuni ilisema ya kuwa yatarajia kuuza bado simu milioni 150 za Symbian. Yaani mwenye nyumba asimama mlangoni, awaambia watu ya kwamba nyumba hii tunaihama, kisha awaomba wapangaji milioni 150 waingie na kulipa kodi. Mtengenezaji wa Nairobi aliyetumia miezi mingi kujifunza kazi ya Symbian akaamka asubuhi na kukuta ufundi wake umekuwa wa kale. Mnunuzi aliyeweka akiba akanunua simu mpya Krismasi ya 2010 hakuambiwa kitu dukani.

Na hapa ndipo hesabu inapostaajabisha. Mlango uliotangazwa kuachwa haukukosa watu. Ulizidi kujaa. Mwishoni mwa mwaka 2011 duka la Nokia lilitoa programu milioni 10 kwa siku, kiasi ambacho halikupata kukiona wakati wakubwa wake walipokuwa bado wakilisifu. Wakati ule ule watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakihamia iPhone na Android. Walioendelea kuufuata mlango wa Nokia walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa nchi kama India, Indonesia na nchi zetu, wenye simu za Java na Symbian za bei ya chini, ambao ndiyo kwanza walikuwa wanafika. Tena walipewa simu mpya za kuwatia moyo, aina ya Asha, zilizotangazwa mwezi wa Oktoba 2011. Jina hilo ni la Kihindi, maana yake tumaini. Kwetu Waswahili Asha ni jina la mwanamke, na wengi walidhani kampuni imempa simu jina la shangazi yao.

Kwa hiyo twakataa hukumu ya kawaida isemayo ya kwamba duka la Nokia lilikufa kwa sababu watu hawakulitaka. Watu walilitaka. Lililotokea ni kwamba waliolitaka walikuwa wengi lakini hawakuwa matajiri, na thamani ya duka ilihesabiwa kwa fedha ambazo kila mtu huacha humo, si kwa miguu inayoingia. Mtu wa Musumba aliyechukua kamusi ya bure alikuwa amehesabiwa katika ile milioni 10 ya kujisifia. Katika mkutano wa kuamua hatima ya duka hakuhesabiwa.

Yaliyofuata yalikwenda upesi, nasi tutayapita upesi. Mwezi wa Septemba 2013 Microsoft ilikubaliana kununua kazi ya simu ya Nokia kwa euro bilioni 5.44 pamoja na hataza, na tarehe 25 Aprili 2014 biashara ikakamilika. Tangu tarehe 1 Januari 2014 watengenezaji hawakuruhusiwa tena kuweka programu mpya za Symbian wala kurekebisha za zamani. Kosa lililokuwamo katika programu siku ile lilibaki humo daima. Mwezi wa Julai 2014 Microsoft ikatangaza kuwapunguza watu 18,000, wengi wao wa upande wa Nokia, na kwamba kazi ya Asha na simu nyingine za Java itakoma. Mwezi wa Novemba mwaka huo ikaipa Opera, kampuni ya Norway, kazi ya kupokea watu wa Nokia Store katika duka lake, na katika mwaka 2015 mlango ukafungwa. Mwaka 2015 huo huo Microsoft ilifuta katika vitabu vyake dola bilioni 7.6 kwa ajili ya ununuzi ule, na mwaka 2016 ikauza kazi ya simu ndogo kwa dola milioni 350. Windows Phone yenyewe, ambayo kwa ajili yake haya yote yalifanyika, duka lake lilifungwa mwezi wa Desemba 2019.

Kwa watu wengi wa kwetu, kifo cha kweli hakikuwa siku duka lilipofungwa, kwa kuwa wengi hawakujua hata siku yenyewe. Kilikuwa tarehe 31 Desemba 2018, WhatsApp ilipokoma katika simu za Java za Nokia. Simu ilikuwa nzima, kioo hakikupasuka, vibonye vilibonyea, betri ilikaa siku mbili. Lakini kundi la ukoo, kundi la chama cha akiba, mtoto aliye masomoni Lubumbashi, wote walinyamaza.

Tutaje betri, kwa kuwa tunaandika toka Lualaba. Betri za namna hiyo huhitaji kobalti, na sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, zaidi katika mkoa wetu na ule wa Haut-Katanga. Hatusemi ya kwamba mawe ya Kolwezi yalikuwa ndani ya simu fulani. Hilo hakuna anayeweza kulionyesha kwa kidole. Twasema hivi tu: simu ikifa kwa sababu ya kuvunjika, hiyo ni ajali. Ikifa nzima kwa sababu mlango wa programu umefungwa mbali, kobalti iliyomo ndani imetupwa kabla ya wakati wake, na shimo lake litachimbwa tena mahali fulani, na mtu mwenye jembe na tochi kichwani. Watu waliolia juu ya kazi zilizopotea Finland walikuwa na haki ya kulia. Upande huu wa hasara haujapata mwenye kuuandika.

Wako watakaosema: hiyo ndiyo biashara, kitu cha kale hupisha kipya, na mwenye simu ya Nokia sasa ana Tecno au Itel yenye kioo kikubwa, anapata programu kwa Google, basi analia nini? Jibu letu ni kwamba jambo lile lile limekwisha kutokea mara ya pili, mbele ya macho yetu. Ilitengenezwa KaiOS, iliyotokana na kazi ya Mozilla, kwa ajili ya simu za vibonye zenye intaneti. Ikawa na duka lake dogo. Mwaka 2019 Orange ilileta simu ya Sanza kwa bei ya chini katika nchi kadhaa za Afrika, na wanunuzi waliambiwa ya kwamba hii ndiyo simu ya mtu mdogo, yenye WhatsApp ndani yake. Mwaka 2024 WhatsApp ikakataa watu wapya katika KaiOS, na mwaka 2025 ikatoka kabisa. Miaka sita haikupita. Na wenye simu kubwa wasijisifu: mwezi wa Mei 2019 serikali ya Marekani iliizuia Huawei, na simu mpya za kampuni hiyo zilizotoka baada ya hapo zikakosa duka la Google, kwa ugomvi ambao mnunuzi hakuwa na neno ndani yake.

Kwa hiyo tukilipima duka la Ovi kama tunavyopima kitabu, twaliweka juu zaidi kuliko wengi wanavyoliweka kwa kumkaribisha mtu mdogo, na chini zaidi kwa namna lilivyomwaga. Kosa lake kubwa halikuwa kukwama siku ya kwanza, wala kuwa na picha nyingi za upuuzi, wala hata kushindwa na Apple. Kosa lilikuwa kwamba lilitoa vitu bila kuviachilia. Wangeweza, kabla ya kufunga, kutoa programu zote za bure kwa idhini ya waliozitengeneza, watu wazipakue mara moja na kuziweka katika kadi. Wangeweza kuondoa ule ukaguzi wa vyeti katika simu ambazo hawakutaka tena kuzihudumia, ili mtu asilazimike kuidanganya simu yake juu ya mwaka. Mambo hayo hayakuhitaji bilioni 5. Wenye maduka ya leo nao hawajayaandika popote katika ahadi zao, na vyama vyetu, shule zetu na hata ofisi za parokia, zinazoweka hesabu na majina ya watu ndani ya programu za maduka hayo, zingefaa kuuliza kabla ya kuweka: tukitaka kutoka na vitu vyetu, tutatokea wapi?

Kwa sasa jibu liko katika daftari la karatasi, na kwa yule kijana wa mwavuli, ambaye siku hizi ni mtu mzima mwenye kibanda cha mabati. Katika kompyuta za namna hiyo sokoni Kolwezi mtu akiuliza bado ataonyeshwa folda za zamani za Nokia: michezo, kamusi, ramani. Ukimletea simu ya miaka ile yenye betri nzima atakuwekea kwa waya. Zile zilizojengwa kuita mashine za mbali hazifunguki tena. Zile nyingine hufunguka, baada ya kurudisha tarehe nyuma.